Kikosi kichanga: shajara ya mradi wa kupima uzoefu wa timu za vyuo Marekani

Januari 2025

Ohio State, chuo cha hapa Columbus, wamebeba ubingwa wa vyuo wa futiboli ya Marekani, ule mpira wa kushika na kukimbia nao. Tarehe 20, kule Atlanta, 34 kwa 23 dhidi ya Notre Dame, na hapa Columbus watu hawakulala. Kundi letu la WhatsApp (tunarekodi kipindi cha Kiswahili kuhusu michezo ya Marekani, wasikilizaji wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo wa mji huu, na ndugu waliobaki nyumbani) lilifurika swali lile lile kwa namna tofauti: nyie si mlisema timu yenye watoto haiendi mbali? Mbona Jeremiah Smith ni wa mwaka wa kwanza na ndiye aliyewamaliza?

Ni kweli aliwamaliza. Notre Dame walikuwa wamepunguza pengo hadi pointi nane, Ohio State wako jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, zinatakiwa yadi 11, Will Howard, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira), akautupa mbali na Smith akaudaka. Yadi 56. Mchezo ukaishia pale. Msimu mzima kijana yule alidaka mara 76 kwa yadi 1,315.

Lakini aliyeutupa ule mpira alikuwa chuoni mwaka wake wa tano, na miaka ya mwanzo aliicheza Kansas State. Wengi waliomzunguka Smith walikuwa watu wazima walioamua kurudi wakati wangeweza kwenda kuchukua fedha za NFL, ligi ya kulipwa. Hilo ndilo nimeshindwa kulieleza hewani kwa dakika mbili, na ndilo lililozaa mradi huu. Nataka jedwali ambalo, kocha yeyote akisimama mbele ya maikrofoni kusema "bado tuko vijana," tunalifungua na kuona anasema ukweli au anajitafutia kichaka. Liwe tayari kabla ya mechi ya kwanza, mwisho wa Agosti.

Februari

Nimeanza na kitu rahisi, safu ya mwaka wa masomo. Kila orodha ya wachezaji inaonyesha: mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Unahesabu, unagawanya, unapata wastani. Kazi ya jioni moja, na matokeo yake hayafai hata kufungia maandazi.

Sababu ni kanuni zao. Mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne. Ule mmoja wa ziada ni mwaka wa akiba: anafanya mazoezi, anakula, anasoma, anajenga mwili, hachezi, na msimu wake hauhesabiwi. Tangu 2018 anaruhusiwa hata kucheza mechi zisizozidi nne bila kuupoteza. Kwa hiyo kwenye karatasi unaona "mwaka wa kwanza" kumbe jamaa ameshakula chakula cha chuo miezi 20 na ameongeza kilo 15. Johnny Manziel wa Texas A&M, wa kwanza kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa mwaka wa kwanza, mwaka 2012, alikuwa wa aina hiyo. Jameis Winston wa Florida State, 2013, vivyo hivyo.

Halafu ikaja korona. Msimu wa 2020 haukuhesabiwa kwa mtu yeyote, kila mmoja akapewa mwaka wa bure. Ndiyo maana kuanzia 2021 hadi 2024 tumeona wanaume wenye ndevu wakicheza dhidi ya watoto waliotoka sekondari mwezi Mei. Cam McCormick, aliyeanzia Oregon mwaka 2016, alikuwa bado anacheza Miami 2024, msimu wa tisa, kwa sababu ya majeraha na mwaka wa korona. Ukimweka mtu kama huyo kwenye wastani, anawazeesha wenzake watatu peke yake.

Safu ya mwaka inabaki kwa ajili ya kumbukumbu. Haipewi alama.

Machi

Binamu yangu wa Morogoro ndiye anayeniandikia fomula, maana kwenye majedwali yeye ni fundi. Ni mtu wa Yanga damu damu, na hajui kabisa mchezo huu, jambo linalosaidia kwa sababu anauliza yale tuliyozoea kuyaruka. Swali lake la wiki hii: kwa nini timu hizi zisiwashike wachezaji wazuri wakakaa miaka kumi?

Haziwezi. NFL haimchukui mtu kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari, na ikishapita, bora wote wanaondoka. Maurice Clarett wa hapa hapa Ohio State alijaribu kuivunja kanuni hiyo mahakamani. Alikuwa ameifungia timu tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) ya ushindi dhidi ya Miami kwenye fainali ya msimu wa 2002, akiwa mwaka wa kwanza. Akashinda mahakama ya kwanza, akashindwa ya rufaa. Chuo basi ni mahali ambapo kila mwaka unapoteza watu wako wazuri wakiwa ndiyo kwanza wameiva. Uchanga hauponi, ila kuna miaka unapungua.

Nikamwambia pia kwamba zamani wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kabisa kucheza timu kubwa. Ruhusa ilikuja 1972. Mwaka huo huo Archie Griffin aliingia Ohio State, akagusa mpira mara moja kwenye mechi ya kwanza na kuuangusha. Mechi iliyofuata, dhidi ya North Carolina, akakimbia yadi 239, rekodi ya chuo kwa wakati ule. Baadaye akatwaa Heisman mara mbili, na hadi leo hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Binamu akajibu: "Sasa kama mtoto anaweza kukimbia yadi zote hizo, uzoefu wa nini?"

Nikamwomba asubiri Aprili.

Aprili

Mpwa wangu yuko sekondari na anacheza gadi wa kushoto kwenye mstari wa mbele wa mashambulizi. Mstari ule ni watu watano: senta katikati, gadi wawili, na wawili wa ukingoni. Hawadaki, hawarushi, televisheni inawataja wakikosea tu. Nilikaa naye mezani kwa dada yangu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, tukaangalia video za mazoezi yao.

Alinionyesha kipande kimoja, akakirudisha tena na tena. Mabeki wawili wa upande wa pili wamesimama, mmoja mbele ya gadi, mwingine mbele ya mtu wa ukingoni. Mpira unaachiwa. Yule wa nje anaingia ndani kwa kasi, yule wa ndani anachelewa kidogo kisha anazunguka nyuma yake kutokea nje. Wamebadilishana njia. Mtu wa ukingoni, ambaye alikuwa mgeni kwenye nafasi hiyo, akamfuata mtu wake hadi ndani, akamgonga mpwa wangu bega, na upande wa nje ukabaki mtupu. Kwotabeki hata hakugeuka. Akala nyasi.

"Mjomba, usiangalie mikono, angalia miguu yangu," akaniambia. "Mimi nimeshaona anakuja. Nimesimama namsubiri aniachie wake nami nimpe wangu. Yeye hajui kama nimeona."

"Hamkuambiana?"

"Kwenye kelele utasikia nini? Yule wa mwaka jana tulikuwa hatuambiani. Anagusa tu hapa," akajishika ubavu, "najua."

Hapo ndipo mradi ulipopata mgongo. Nguvu wanazo wote wawili. Walichokosa ni mechi walizocheza wakiwa wamegusana mabega. Wale watano ni kama watu waliobeba kitanda cha mgonjwa njia ya mlimani: mmoja akichelewa hatua moja, wenye nguvu wanne hawamsaidii mgonjwa. Mpokeaji kama Smith amesimama kule pembeni peke yake, kazi yake ni kumshinda mtu mmoja mbele yake. Akiwa na kipaji, mwaka wa kwanza unamtosha. Anayekimbia na mpira naye hivyo hivyo, ndiyo maana Griffin na Clarett waliwezekana, na Herschel Walker aliipa Georgia ubingwa wa 1980 akiwa ametoka sekondari juzi.

Kwa hiyo nimemwambia binamu abadilishe fomula. Kila nafasi ina uzito wake. Mstari wa mbele wa mashambulizi unabeba uzito mkubwa kuliko wote, na ndani yake kuna safu mpya: mechi ambazo jirani wawili wameanza pamoja. Gadi na mtu wa ukingoni, gadi na senta. Mechi za mmoja mmoja zinahesabiwa pia, lakini chini ya hizo.

Sikuvumbua kila kitu. Jarida la Phil Steele limekuwa likichapisha kila mwaka jumla ya mechi ambazo mstari wa kila timu umeanza, na Bill Connelly wa ESPN hutoa kipimo cha kiasi gani cha kazi ya mwaka jana kinarudi mwaka huu. Ninachokitafuta kwao hakimo, yaani nani alikuwa kando ya nani, na hicho lazima nikichambue mwenyewe kwenye karatasi za mechi. Hesabu ya snapu, yaani kila mpira unapoachiwa na senta, ningeipenda zaidi, ila wanaoihesabu vizuri wanauza, na bajeti yetu ni ile michango ya kundi ambayo mnaijua.

Mwisho wa mwezi NFL wamechagua wachezaji 14 wa Ohio State. Wanne wote wa mstari wa mbele wa ulinzi wameondoka: Sawyer, Tuimoloau, Williams, Hamilton. Tutakuwa na mfano wa nyumbani.

Mei

Wiki nzima nimeitumia Texas A&M ya 2022, kwa sababu kama jedwali haliwezi kuwaeleza hawa, halina maana.

Walisajili kundi la vijana lililopewa alama za juu kuliko kundi lolote kuwahi kutokea, wanane kati yao wakiwa wa nyota tano, daraja la juu kabisa. Wakamaliza ushindi mitano, vipigo saba. Septemba walifungwa nyumbani na Appalachian State, 17 kwa 14, mbele ya uwanja unaomeza watu laki moja. Baadaye wakapoteza sita mfululizo. Kocha Jimbo Fisher alifukuzwa Novemba 2023 akiwa na mkataba uliowagharimu zaidi ya dola milioni 75 kuuvunja.

Maelezo ya haraka ni kwamba watoto walitupwa majini kabla ya wakati. Baadhi ndivyo. Lakini angalia: Conner Weigman, kwotabeki wa mwaka wa kwanza, alipoanza kwa mara ya kwanza dhidi ya Ole Miss alirusha tachidauni nne. Walifungwa 31 kwa 28, sawa, ila si yeye aliyewazamisha. Mechi ya mwisho wakawafunga LSU 38 kwa 23. Vijana walikuwa wanakua mbele ya macho yetu.

Kilichofuata ndicho kinachonikera hadi leo. Wakaanza kuondoka. Walter Nolen akaenda Ole Miss, Evan Stewart Oregon, LT Overton Alabama, Anthony Lucas USC, Denver Harris LSU. A&M walilipa gharama yote ya uchanga, wengine wakavuna ukomavu. Zamani kocha alivumilia msimu mbaya akijua miaka miwili mbele watoto wale wale watakuwa madume. Lango la uhamisho, yaani orodha ya wanaotaka kuhama chuo, lilipofunguliwa Oktoba 2018, na hasa tangu 2021 mchezaji alipoweza kuhama na kucheza hapo hapo bila kukaa nje mwaka, ule uvumilivu umekuwa mkopo usio na dhamana.

Jedwali likawaweka A&M ya 2022 sehemu ya chini lakini si chini kabisa. Naona ni sawa. Mambo mengine ya timu ile hayakuwa ya umri.

Juni

Tarehe 6 jaji Claudia Wilken amepitisha makubaliano makubwa kati ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na wachezaji. Vyuo vitawalipa moja kwa moja. Kwa mradi wetu kinachogusa ni kwamba kikomo cha ufadhili wa masomo 85 kimeondolewa, na badala yake vyuo vilivyoingia kwenye mpango vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye orodha nzima. Wale wa kujitolea waliokuwa wanajaza mazoezi wanapunguzwa. Asilimia zozote za kikosi kizima za kabla na baada ya hapo hazilinganishiki, kwa hiyo tumeacha kikosi kizima na kubaki na wanaoanza na wasaidizi wao, watu 44. Nilikuwa naelekea huko hata hivyo.

Julai

Wahamiaji, yaani wachezaji waliotoka vyuo vingine. Hapa tumebishana na binamu mpaka salio limekwisha.

Yeye anataka mechi za mtu aliyetoka ligi ndogo zipunguzwe nusu. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni Indiana ya 2024. Kocha Curt Cignetti alihamia kutoka James Madison na wachezaji 13 mkononi. Indiana, chuo kilichozoeleka kwa mpira wa kikapu, kikashinda mechi 11 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwotabeki Kurtis Rourke alitoka Ohio University, si Ohio State, ile ya mji wa Athens ambayo watu wa Columbus huisahau. Ukizipunguza mechi zao nusu, unapata timu changa. Uwanjani walionekana wazee, na zaidi ya hapo, wale wa James Madison walikuja wakiwa tayari wanajuana.

Mfano wa kinyume ni Colorado ya 2023. Kocha Deion Sanders aliwasafisha karibu wote aliowakuta akaleta kikosi kipya kutoka kila kona. Wakaanza na ushindi mitatu, taifa zima likashika kichwa, wakamaliza na ushindi minne na vipigo nane. Wapokeaji wazuri, kwotabeki mzuri, na kwotabeki huyo aliangushwa zaidi ya mara 50. Mstari uliokusanywa kiangazi kimoja hauwezi kubadilishana wale mabeki wawili wa video ya mpwa wangu. Umri walikuwa nao, miaka yao ilitosha. Hawakuwa wamewahi kusimama kando kwa kando.

Tumekubaliana: mechi za ligi ndogo zinahesabiwa kamili, lakini "mechi za pamoja" zinaanza sifuri isipokuwa wamehama pamoja.

Nimeongeza pia safu ya miaka ndani ya nyumba, kwa sababu ya ulinzi wa Ohio State. Caden Curry na Kenyatta Jackson hawajazoea kuanza, kwa hesabu ya mechi ni wageni. Lakini wako hapa tangu 2022, misimu mitatu wakiingia na kutoka nyuma ya Sawyer na Tuimoloau. Kuwaita wachanga ni kuwatukana.

Agosti

Jedwali liko tayari, na ratiba imetupa zawadi: tarehe 30, Texas, namba moja wa taifa kabla ya msimu, wanakuja Columbus.

Televisheni zote zinazungumzia makwotabeki. Julian Sayin wetu hajaanza hata mechi moja ya chuo. Arch Manning wao, wa ukoo wa makwotabeki maarufu, mwenye jina zito kuliko uwanja, ameanza mbili tu mwaka jana ingawa huu ni mwaka wake wa tatu. Kwenye nafasi hiyo jedwali linasema wanakaribiana, Texas mbele kidogo.

Mstari wa mbele ndiyo habari. Texas wamepoteza wanne kati ya watano walioanza mwaka jana, akiwemo Kelvin Banks aliyechaguliwa wa tisa na New Orleans ya NFL. Kwetu senta Carson Hinzman amerudi, na gadi Tegra Tshabola, jina ambalo Wakongo wa mtaani kwetu walilishika kabla hata hawajajua anacheza wapi. Luke Montgomery na Austin Siereveld nao walionja mechi kubwa mwaka jana majeruhi walipozidi. Phillip Daniels ametoka Minnesota, huyo mechi za pamoja ni sifuri.

Nimesema hewani Alhamisi: wachanga mahali panapouma ni Texas.

*Usiku wa tarehe 30.* 14 kwa 7, Ohio State. Sayin alipasi mara 20 tu, 13 zikafika, yadi 126. Kocha Ryan Day alimficha waziwazi, akampa kazi ndogo ndogo mpaka alipomwachia mmoja mrefu kwa Carnell Tate, tachidauni ya yadi 40. Texas walifika karibu kabisa na mstari na kuzuiwa jaribio la nne, zaidi ya mara moja. Wakati mmoja Manning mwenyewe alijaribu kujisukuma yadi moja na ukuta haukumfungulia.

Kundi limenipongeza. Nimepokea, ila mechi moja ni mechi moja, na Caleb Downs kule nyuma anafuta makosa mengi ya walio mbele yake. Huyo naye alikuwa nyota Alabama mwaka wake wa kwanza, 2023, kwenye nafasi inayotaka kusoma mchezo mzima. Binamu ameshanitumia jina lake na alama tatu za kuuliza. Uzito wa nafasi ya beki wa nyuma kabisa tunauangalia upya.

Septemba

Grambling State wamefungwa 70 kwa bila. Waanzaji walitoka mapema, na nusu ya pili ilikuwa ya watoto watupu, wengi wakitumia moja ya zile mechi nne za bure. Mpwa wangu alipenda nusu hiyo kuliko mechi ya Texas, alikuwa anamtafuta gadi wa akiba.

Binamu anauliza tuziingizeje. Nimemjibu zikae safu ya peke yake hadi Novemba, zisichanganywe na mechi ambazo mshindi hajajulikana. Halafu anitumie faili jipya kabla ya Jumamosi, la zamani linagoma kufunguka kwenye simu ya dada.